Sahani ya Rosalia na Mlango wa Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimesali masifu ya asubuhi. Nimekunywa kahawa. Nimedhalilishwa na mjukuu wangu mwenyewe, kwa upole mkubwa.

Mjukuu huyo, Ottavia, anaolewa Jumamosi na Damiano, kijana mwema ambaye kasoro yake pekee ni bibi yake. Leo alinijia na Bi Brooke, mwanamke aliyeajiriwa kuipa harusi mtindo. Bi Brooke hana tone la damu ya Italia, lakini ameazimia kwamba harusi hii iwaenzi wazee wetu waliotoka huko kuja Marekani: malimau kila mahali, matawi ya mzeituni, na weupe. Weupe juu ya weupe! Hata meza ya biskuti. Nilimwuliza kwa utulivu ni bibi gani wa Sisilia aliyepata kuoka biskuti nyeupe.  Yeye alikuwa akipima dirisha langu kwa macho.

Hapa Pittsburgh ndoa hufungwa kanisani, lakini huhukumiwa kwenye meza ya biskuti. Kila bibi na kila shangazi huleta sahani yake, na sahani ya katikati ndiyo kiti cha enzi. Katika mtaa wetu wa Bloomfield kiti hicho kilikuwa cha mke wangu Rosalia, kwa biskuti zake za tini zilizonyunyiziwa chembe za sukari za rangi. Hakuna aliyethubutu kukigombea. Bwana alimwita majira ya baridi yaliyopita, na hii ndiyo harusi ya kwanza katika ukoo asiyokuwepo. Nimejifunza kuzioka mwenyewe. Vidole vimeungua. Sikulalamika, ila kwa majirani.

Sasa naarifiwa kwamba katikati itakaa sahani ya Donna Concezia, bibi ya Damiano, Mwabruzzo, mtu wa mkoa mwingine kabisa wa Italia. Pizzelle zake! Vijiduara vyembamba kama karatasi, vyeupe, vilivyochapwa maua kama lesi ya madhabahu. Vinapendeza kwenye picha, asema Bi Brooke. Na biskuti za Rosalia? Ottavia alinishika mkono, akaniita Nonno, yaani babu, kama anapotaka kitu. "Zako zitakaa mwisho wa meza, Nonno, pale mlangoni mwa jikoni. Usininunie, basi."

Mlangoni mwa jikoni!

Sikununa. Mtu aliyesoma seminari, hata kama aliiacha kwa ajili ya macho ya Rosalia, hanuni. Hutafakari. Nimetafakari mpaka chakula cha mchana, kisha nikasimama mbele ya picha ya marehemu na kumwahidi: sahani yako itakaa katikati, mke wangu, hata kama meza nzima itageuzwa.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: Maandiko Matakatifu.

Hoja yangu ilikuwa imara kama nguzo. Ndoa ya kwanza duniani ilivishwa nini? Majani ya mtini. Si pizzelle. Basi katika meza ya ndoa tini ina haki ya kutangulia, na Padre Silvano, paroko wetu, angetosha kulitamka neno hilo mbele ya Ottavia.

Nilimkuta mezani na tambi. Alinisikiliza kwa adabu. Alipomaliza kutafuna alisema kwamba Adamu na Hawa walijishonea majani hayo baada ya dhambi, jambo ambalo huenda si la kukumbushwa bi harusi. Nikaanza kujitetea. Akaongeza, bila kuinua macho kwenye sahani, kwamba Bwana wetu mwenyewe aliupita mtini njiani akaulaani, ukanyauka.

Nilikuwa nimelisahau la mtini kulaaniwa.

Aliniuliza kama nilikuwa na swali jingine. Nilisema hapana. Aliniomba jibini.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili, nao ni mzuri kuliko wa kwanza. Pizzelle haziokwi kwa mikono mitupu. Zinataka chuma chake, koleo refu lenye sahani mbili zilizochongwa maua, na chuma cha Donna Concezia kilitoka Abruzzo kikiwa na herufi za jina la bibi yake. Hakuna chuma, hakuna pizzelle.

Nilikwenda kwake nimevaa koti la Jumapili. Nikamwambia kwamba chombo cha ukoo kitumikacho harusini hustahili baraka ya padre, nami ningejitwika mzigo wa kukipeleka. Yote hayo ni kweli. Niliyoyanyamazia ni kwamba nilikusudia kukirudisha Jumapili, baada ya harusi. Seminarini tulifundishwa kutofautisha uongo na ukimya. Mimi nilinyamaza kwa ufasaha.

Donna Concezia alinivutia kiti. Machozi yakamlengalenga. "Mkwe wangu Liborio, na mimi nilidhani unanichukia! Kaa, kaa ule." Akanilisha supu mara mbili. Nilikula. Supu si adui.

Tatizo lilizuka njiani. Nisipopeleka chuma kwa padre, maneno yangu yangegeuka uongo. Dhamiri yangu haibebi uongo. Basi nikapita kanisani ili kibarikiwe upesi, kisha nikifiche chini ya kitanda changu. Bahati mbaya Padre Silvano alikuwa anaanza misa ya jioni. Alikipokea mbele ya waumini wote, akakinyunyizia maji ya baraka, akakifukizia ubani, akahubiri juu ya mikono ya mabibi zetu. Wanawake walilia. Walipanga mstari kukigusa! Mmoja alikigusisha goti lake bovu.

Kisha Padre akasema atakirudisha mwenyewe kwa heshima zote. Akaondoka nacho kifuani kama masalia ya mtakatifu.

Ottavia alinipigia simu akicheka kwa furaha. Bi Brooke amesikia habari. Chuma nacho kitawekwa mezani, katikati, juu ya mto wa hariri.

Nimesali rozari nzima. Kwa haraka kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Ikiwa adui anataka weupe, apewe weupe. Nilioka biskuti za Rosalia, nikaziacha bila rangi, nikazimwagia sukari laini iliyokorogwa kwa maji. Ikateleza. Nikaongeza. Ikateleza tena, ikachukua na tini. Mwisho zilionekana kama wazee waliosahauliwa nje kwenye theluji.

Ottavia alikuja na Donna Concezia kuchukua vipimo vya sahani. Alipoziona alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikabadilika, akawa analia kweli. "Nonna Rosalia hangezifanya nyeupe, Nonno. Hata kwa dawa!" Akafuta pua kwa taulo langu la jikoni. "Zioke kama zake. Za rangi. Zikae zitakapokaa."

 Donna Concezia alizitazama biskuti, akaitazama picha ya Rosalia ukutani, akanitazama mimi. Kiburi cha mshindi, niliandika moyoni.

Nimezioka upya, za rangi. Bi Brooke ameikataa sahani ya Rosalia yenye ukingo wa buluu. Ameagiza kila mtu atumie sahani nyeupe za aina moja, kila sahani ifungwe kitambaa cheupe kilekile kwa utepe na jani la mlimau. Nikamwambia kwamba watu wote watafanana kama siku ya kiama. Aliandika neno hilo. Nahisi alilipenda.

Ijumaa, 7 Juni

Leo sahani zimepelekwa ukumbini. Kwetu ni mwiko kufungua kitambaa kabla maharusi hawajaingia. Shangazi wa mtu aliwahi kuchungulia, na hadi leo husalimiwa kwa kichwa tu. Kwa hiyo meza huwekewa mlinzi. Nilijitolea. Nani angemshuku mzee mwenye rozari?

Nilipofika mchana, Donna Concezia alikuwa anatoka. Alinipiga shavuni kwa upole, kama mtu apigavyo farasi mzee. "Kesho utafurahi, mkwe. Utaona." Ottavia naye alinibusu. "Safari hii tulia tu, Nonno. Nakuomba. Tulia."

Tulia! Wameona ushindi wao hautoshi, wanataka niufurahie pia.

Niliketi peke yangu mbele ya meza ndefu nyeupe. Katikati, sahani iliyofungwa, na mbele yake kile chuma juu ya mto. Mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni na masanduku ya karatasi ya wageni kubebea biskuti, sahani nyingine iliyofungwa. Nilimfikiria Rosalia akikaa pale, kwenye upepo wa mlango, akisikia masufuria.

Nikachunguza dhamiri. Kufungua kitambaa ni mwiko. Kufungua. Hakuna sheria, wala ya Kanisa wala ya mabibi, inayokataza kuhamisha sahani ambayo haikufunguliwa. Nikasimama. Nikachukua ya katikati, nikaipeleka mlangoni mwa jikoni. Nikachukua ya mlangoni, nikaiweka katikati. Sikulegeza hata utepe. Ilinukia vizuri, ingawa mafua yangu hayaniruhusu kusema ilinukia nini.

Kisha nikaketi na rozari yangu, mlinzi mwaminifu. Moyo mwepesi. Ahadi imetimia, mke wangu.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Misa ilikuwa nzuri. Ottavia alifanana na Rosalia kiasi kwamba nilikosea maneno ya Kanuni ya Imani. Ukumbini malimau, mizeituni, kinanda cha mkono. Nilijiweka mahali ambapo ningeona vizuri.

Ottavia akashika kipaza sauti. Akasema kwamba wiki hii alisahau jambo, akakumbushwa na mtu asiyetarajiwa. Kwamba Donna Concezia alimjia Alhamisi baada ya kuona biskuti zilizoharibika, akamwambia mwanamume aliyekipeleka chuma cha ukoo wake kubarikiwa hawezi kuwekwa mlangoni, wala mke wake. Kwamba Ijumaa, kabla mlinzi hajafika, Donna Concezia mwenyewe alikuja ukumbini akabadilisha sahani kwa mikono yake. "Kwa hiyo leo, katikati, kama kawaida yake: bibi yangu Rosalia!"

Akavuta utepe.

Pizzelle.

Kinanda kilinyamaza. Damiano alitazama dari. Ottavia aligeuka polepole, na macho yake hayakutafuta mbali. Yalikuja moja kwa moja kwangu. "Nonno," akasema kwenye kipaza sauti, "jana mlinzi alikuwa nani?"

Nilisimama kujitetea. Nilikuwa na hoja. 

Ndipo Donna Concezia akajipiga paji la uso, akapaza sauti: "Ee Mama wa Mungu, uzee huu! Vitambaa vyote sawa, nikazivuruga mwenyewe!" Watu wakacheka, kinanda kikarudi. Alipopita karibu nami alininong'oneza bila kusimama: "Hiyo seminari, mkwe, walikufukuza au ulitoroka?"

Sijui ningefanya nini kama Bwana hangeingilia kati. Maana sahani ikishafunguliwa haihamishwi tena. Na masanduku ya kubebea yalikuwa wapi? Mlangoni mwa jikoni. Kila mgeni alikwenda huko kwanza. Sanduku likiwa tupu na mkono ukiwa huru, cha kwanza kuonekana kilikuwa tini na rangi, katika ukumbi usio na rangi nyingine. Walizivamia. Walirudi. Mpishi alitoka na mwiko mkononi akala akiwa amesimama. Bi Brooke nilimkamata na chembe za sukari kwenye kidevu. Sahani ya Rosalia ilikwisha kabla ya ngoma ya kwanza kuisha, na Ottavia akaja na vazi lake lote, akachukua makombo kwa kidole, akanipa busu la sukari shavuni.  Kisha akanifinya sikio, kwa nguvu.

Na katikati? Chuma kilichobarikiwa kilikaa mbele ya pizzelle juu ya hariri. Watu walifika, wakakikumbuka, wakafanya ishara ya msalaba, wakapita. Hakuna aliyethubutu kula kitu kilicho kama juu ya altare. Sahani ilirudi nyumbani nzima.

Donna Concezia aliiona. Aliitazama sahani yake, akautazama mlango wa jikoni, kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na chozi safari hii.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Katika kitubio nilimwuliza Padre Silvano kama ni dhambi kuhamisha kitu bila kukifunua. Akaniuliza kitu gani. Nikasema ni mfano wa kinadharia. Akanipa malipizi ya kinadharia: nikamwombe radhi Donna Concezia, kwa vitendo.

Nilikwenda na sahani ya biskuti za tini. Nikaomba radhi. Alinisamehe mara moja, akanipa supu. Nimejifunza mengi wiki hii. Nimeona jinsi hila inavyomrudia mwenye hila. Nilikuwa tayari kuliandika hapa kwa herufi kubwa.

Halafu, wakati namalizia supu, alitaja kwa wepesi kwamba dada yake Damiano, Ginevra, anaolewa mwezi wa Oktoba, na kwamba yeye, kwa unyenyekevu, amekwisha kumwambia Ginevra aweke pizzelle zake mlangoni mwa jikoni. "Mimi mahali popote panatosha, mkwe. Rosalia akae katikati, kwenye heshima."

Mlangoni mwa jikoni! Mahali pa Rosalia!

Niliweka kijiko chini. Nikatabasamu. Nikamwambia kwamba baraka ya chuma, kwa kadiri nilivyosoma, hupungua nguvu kila kinapopitishwa motoni, na kwamba mwezi wa Septemba ningeweza kujitwika mzigo wa kukipeleka tena.

Aliniongezea supu.

Kisha akaniuliza kama Oktoba bado nitakuwa na nguvu za kulinda meza.

Nikasema, Mungu akipenda.