Fuwele Inayopumua

Wenzangu,

Leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima. Aliyeniaibisha hana kosa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nawaandikia leo leo, kabla habari haijawafikia kupitia watu wa Kiwira, maana wao wakisimulia huongeza chumvi. Hii haihitaji chumvi. Nitaieleza kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa katika masomo yetu ya posta: kwanza vifaa, halafu hatua, mwisho matokeo. (Matokeo ningeyaruka kama ningeweza.)

Mnajua nilichokuwa nakitafuta. Nafasi moja chuoni, mwaka mmoja, sayansi na kilimo, kwa mtu mzima mmoja kutoka kwetu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, si kwa kupenda. Tangazo lilisema mwisho wa umri ni miaka arobaini na saba. Ninayo hiyo arobaini na saba mpaka mwezi wa tisa. Baada ya hapo hakuna tena. Afisa wa elimu ya watu wazima angekuja leo kutoka Tukuyu kuona kazi za waombaji, nasi tulikuwa wawili tu: mimi na Anyosisye.

Anyosisye ameleta maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi karibu na nyumba zetu kwa mianzi aliyoitoboa na kuiunganisha. Kila kiungo kinavuja. Nilipoipitia kazi yake nilimhurumia. (Kumbukeni hilo: nilimhurumia.)

Mimi nilikuwa na fuwele.

Vifaa: chupa ya jamu, uzi wa cherehani, bonge la shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka kuzuia damu. Shabu nilipewa na Bwana Shomari, kinyozi wa pale mjini, yule ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na mzigo wa nguo. Nilipomwambia nataka kuikuza, alisimamisha wembe shavuni mwa mteja.

"Kuikuza? Shabu hii hii?"

"Hii hii."

"Haya. Ikikua mpaka ikaota ndevu, niletee niinyoe."

Mteja alicheka, akakatwa. Akapakwa shabu. Bonge nilipewa bure, na nilipoanza kushukuru nikaambiwa niondoke mlangoni, nazuia mwanga.

Hatua: unachemsha maji, unakoroga shabu mpaka maji yakatae kupokea zaidi. Yakipoa, chini vinabaki vijiwe vidogo vyenye nyuso bapa, kama vimechongwa. Unachagua kimoja, kilicho safi kuliko vyote, unakifunga uzi, unakining'iniza katikati ya maji yale yale yaliyoshiba. Halafu hufanyi kitu. Maji yanakwenda hewani kidogo kidogo. Shabu iliyokuwa ndani yake haina tena wa kuibeba, basi inakwenda kukaa juu ya kile kijiwe, chembe kando ya chembe, kila moja mahali pake, hakuna inayoisukuma nyingine. Hivyo ndivyo fuwele inavyokua. Haitaki nguvu wala maneno. Inataka subira na kutoguswa. Niliposoma hivyo katika kitabu chetu cha posta nikaona kitu hiki kiliumbwa kwa ajili yangu.

Maana tangu mke wangu afariki, miaka miwili sasa, naishi peke yangu (binti yangu Neema ameolewa mbali), na naishi kwa mpango. Alfajiri nakwenda shamba la kijiji. Saa tatu narudi kusoma kopo la mvua nililokabidhiwa na bwana shamba, naandika kwenye daftari, narudi shambani. Jioni moja katika kila nne naleta debe la maji, nalimimina mtungini, na debe hilo linanitosha mpaka zamu nyingine. Niliwahi kuwaeleza wanakijiji mkutanoni: mtu akijipanga, debe moja, siku nne. Walinitazama tu. (Sasa najua walikuwa wakitazama nini.)

Ndiyo maana wananiita Bwana Vipimo. Sikuwahi kulichukia jina hilo. Hata bwana shamba aliposhangaa kwamba katika daftari langu mvua ya siku moja haijawahi kuvuka mstari wa tatu wa kopo, akasema kwa Rungwe haiwezekani, nilimjibu kwa upole kwamba vipimo havina ubishi.

Turudi kwenye chupa. Nilichora mstari kwa wino pale maji yalipoanzia, ili nione yanavyoshuka. Kwa wiki tatu kila kitu kilikwenda kama kitabu kilivyosema. Maji yalishuka upana wa kidole. Kijiwe kilichokuwa kama punje ya mchele kikafikia ukubwa wa harage, nyuso nane, kona kali. Nilikuwa nakitazama kabla ya kula. Wakati mwingine nilisahau kula.

Kisha, ghafla, maji yakapanda. Yakarudi mpaka kwenye mstari, na fuwele ikapungua. Jioni maji yameshuka kidogo, kesho yake yako kwenye mstari. Fuwele inanenepa, inakonda, inanenepa, inakonda.

Mtu mwingine angetupa chupa. Mimi nilichukua daftari. Nilipanda kukagua paa: halivuji. Ndani ya nyumba hakuna mtu ila mimi. Kwa hiyo maji yanatoka hewani. Masika ndiyo yalikuwa yanashika kasi, ukungu unaingia mpaka kitandani, shati likifuliwa Jumatatu linavaliwa Ijumaa likiwa bichi. Kama hewa ya Rungwe inaweza kulowesha shati, itashindwaje kujaza chupa? Na maji matupu yakiingia katika maji yaliyoshiba yana njaa. Lazima yaimege fuwele. Nikaandika kwa herufi kubwa: FUWELE YA RUNGWE INAPUMUA.

Sikulala vizuri kwa furaha. Nilijua jambo hili halimo katika kitabu chochote. (Na kweli halimo.)

Leo sasa. Watu walikaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi ya kijiji. Afisa ni mama wa makamo, ana miwani na sauti ndogo. Anyosisye alianza. Alisimama, akaonyesha kidole upande wa nyumba.

"Maji yapo pale. Nendeni mkanywe."

Akakaa. Watu wakapiga makofi. Nikasema moyoni: hotuba gani hiyo?

Nikasimama mimi. Nilizungumza kwa mpangilio, kwa muda wa kutosha. (Wengine wanasema saa nzima. Ilikuwa dakika arobaini.) Nikaondoa kitambaa juu ya chupa.

"Iko wapi?" akauliza mtu wa nyuma.

"Hapo kwenye uzi."

"Ile? Mimi nilidhani ni fundo."

Wakacheka. Sikujali. Nikaeleza habari ya kupumua, nikaonyesha mstari wa wino, nikafungua daftari. Afisa alivua miwani, akaipangusa, akavaa, akaanza kuandika. Nilimwona akiandika, wenzangu. Nafasi nilikuwa nimeishika mkononi. Hapo ndipo nilipoongeza maneno ambayo hakuna aliyeniomba:

"Ndugu Afisa, kazi hii nimeifanya peke yangu bila msaada wa mtu yeyote. Huku ndiko kujitegemea. Wengine wameleta maji yanayovuja njiani. Mimi nimegundua hewa inavyoleta maji bila kuvuja tone."

Nikamtazama Anyosisye. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Afisa akauliza, "Una hakika hakuna mtu anayeigusa chupa hii?"

"Ndugu Afisa, nyumbani kwangu haingii mtu."

Watu wakatazamana. Nikaelewa kuwa ni heshima.

Upande wa akina mama akasimama Mama Lusekelo. Huyu ni jirani yangu, mlango wa pili, mjane wa miaka sitini na kitu. Namwandikia barua za kwenda kwa mwanawe aliyeko migodini, huo ndio ujirani wetu, au ndivyo nilivyodhani. Alisimama ili anitetee. Hilo nataka lieleweke.

"Mama Afisa, ndaga fijo, asante sana, kwa kuja kwetu. Huyu Baba Neema msimnyime nafasi. Ni mtu mwema, hana neno na mtu. Hiyo chupa msimlaumu ikiwa ina kasoro, ni mimi huwa naijaza."

"Unaijaza nini?" akauliza Afisa.

"Maji, mama. Nikimaliza mtungi, yanayobaki namwongezea mle. Zamani nilikuwa nayapandisha kutoka mtoni, nachoka, nikijaza mtungi basi. Sasa mianzi ya Anyosisye imefika mlangoni, maji si taabu. Naiangalia kila asubuhi. Ikipungua, naifikisha pale kwenye mstari."

"Mstari?"

"Si ameuchora mwenyewe? Nikajua hapo ndipo anapotaka maji yafike."

Wenzangu, angalieni hesabu yangu. Maji yalikuwa yanaongezeka: kweli. Yalikuwa maji matupu: kweli. Yalikuwa yanatoka nje ya chupa: kweli tupu. Nilikosea mtu mmoja tu.

Ningekaa hapo, ningenusurika kidogo. Sikukaa.

"Mtungi gani?" nikauliza.

"Mtungi wako, baba."

"Mtungi wangu naujaza mimi. Debe moja kila siku nne."

Hapo kijiji kilianguka. Walicheka mpaka wazee wakashikana mabega. Walikuwa wanajua wote! Miaka miwili wananisikiliza nikiwafundisha debe moja siku nne, na miaka miwili wanamwona Mama Lusekelo akiingia kwangu na ndoo kichwani kila asubuhi.

"Bwana Vipimo!" akapaza sauti yule wa nyuma. "Pima na hilo!"

Afisa hakucheka. Nadhani alitaka kunisaidia. (Leo kila mtu alikuwa ananisaidia.) Akamuuliza Mama Lusekelo kwa nini anafanya hivyo na hakuwahi kuniambia.

"Ni mkewe aliniomba, mama. Siku zile za mwisho. Aliniambia: mume wangu anajua kila kitu, ila hajui mtungi ukikauka. Usimwambie, utamuumiza."

Kicheko kikakatika. Afadhali kingeendelea.

Nilibaki nimesimama na chupa mkononi. Ile punje ya mchele ilikuwa inacheza kwenye uzi wake, ndogo vile vile kama siku niliyoifunga. Miezi miwili ya kazi. Mtu anaweza kukuharibia maisha kwa wema, na hakuna baraza la kumpeleka.

Afisa alifunga daftari lake taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Ndugu, umeangalia kwa makini sana," akasema. "Ila kijiji kimepata maji kwa mianzi, na hata fuwele yako imetupa ushahidi wa hilo."

Nafasi ni ya Anyosisye. Anaondoka mwezi ujao. Mwezi wa tisa nami ninatimiza arobaini na nane.

Alinifuata kunipa mkono. "Pole, kaka. Ukitaka, kabla sijaondoka nitakuchepushia mwanzi mmoja mpaka ndani kwako." Nilimtazama usoni nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Ningependa sana awe ananikejeli.

Nimerudi nyumbani saa tisa. Mtungi umejaa. Nimekaa karibu nao, nikautazama kama ndiyo kwanza nauona. Nimejaribu kukumbuka lini mke wangu angeweza kusema maneno yale. Ilikuwa labda ile wiki niliyokuwa naandika joto lake kila baada ya saa tatu, nikijivunia kwamba sikukosa hata mara moja.

Saa kumi Mama Lusekelo akapiga hodi. Hajawahi kupiga hodi. Alibeba ndizi mbivu.

"Baba Neema, umenikasirikia?"

"Hapana, mama." (Jibu sahihi ni ndiyo.)

"Sikujua kile kijiwe kina kazi. Nilidhani ni dawa ya tumbo."

"Hukujua, mama. Yamekwisha."

"Basi chupa sitaigusa tena."

"Asante."

Akaweka ndizi mezani, juu ya madaftari yangu ya mvua. Akafika mlangoni, akageuka.

"Na lile kopo la nje? Mvua ikiwa kubwa huwa nalipunguza kabla hujarudi, lisije likafurika likakusumbua. Nabakiza mistari mitatu tu, naona inatosha. Niendelee, au nalo niliache?"

Naomba msicheke. Na bwana shamba akipita huko kwenu akauliza habari za mvua ya huku, mwambieni ni nyingi. Kiasi gani, amuulize Mama Lusekelo.