Kiuno cha Sentimita Tisini

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Bosi anafungua duka la pili, barabarani kabisa, lenye kioo kutoka sakafuni hadi darini. Nyuma ya kioo atakaa fundi mkuu, anashona huku wapita njia wanamwona. Atavaa suti ya kijivu ambayo Bosi ameikata kwa mkono wake. Kiuno: sentimita tisini. Bosi kasema fundi ambaye suruali yake mwenyewe haifungi hawezi kumuuzia mtu suruali. Jumamosi ya wiki ijayo tutaijaribu mbele yake, mimi na Pipa. Ikimkaa mtu vizuri, huyo ndiye mkuu.

Pipa ni fundi mwenzangu, meza ya pili. Jina nimempa mimi. Kiuno chake mia moja na tatu. Changu mia moja na nne, lakini mimi si mnene, nina mifupa mizito. Karakana nzima huniita Uzi. Ni jina la ujanani, na hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha.

Miaka kumi na sita nashona nikitazama ukuta. Naujua ufa kwa ufa. Nakitaka kiti cha dirishani hadi roho inaniuma. Kuanzia leo, kujinyima!

Baadaye. Mke wangu katangaza kuwa mama yake anakuja kesho. Wiki mbili.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kafika na mabakuli matatu yenye vifuniko. Kwake sheria ni mbili. Sahani ikiwa tupu, mtu hajashiba, aongezwe. Sahani ikibaki na chakula, mtu kamdharau mpishi. Nimetafuta njia ya kupita katikati. Nikaacha punje saba za wali. Akazitazama, akanitazama, akauliza taratibu kama chumvi ilizidi. Nikazila zile saba. Sahani ikawa tupu. Nikaongezwa!

Nikajieleza kwa adabu kwamba najipunguza. Mama akashika kifua. Akasema mwili haujengwi kwa matofali, na mkwe akikonda watu watasema binti yake hajui kupika. Basi nimekula kwa ajili ya heshima ya ukoo. Sahani tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Tepu inasema mia moja na tano. Nimejipima kwa tepu nyingine. Mia moja na tano na nusu. Nimerudi kwenye ile ya kwanza.

Nimechunguza chanzo cha unene huu. Kwanza kiti, maana fundi hukaa kutwa nzima, kinachotembea ni mguu mmoja tu, tena juu ya pedeli. Halafu watoto. Wanabakiza chakula, kutupa chakula ni dhambi, kwa hiyo jalala ni mimi baba yao. Wateja nao, kila aliyependezwa na nguo analeta keki na soda, na kumkatalia ni kumvunja moyo. Majirani ndio wabaya zaidi: wanakisifu kitambi changu, wanasema mambo yameninyookea. Nani apunguze sifa? Kwa kifupi, wote wana makosa isipokuwa mimi.

Pipa siku hizi anakuja kazini kwa miguu. Mchana anakula papai na maji. Anajidai tu! Lakini nimepata wazo. Kama mimi sipungui, yeye anenepe.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi ya kumnenepesha Pipa inaendelea. Asubuhi nampelekea keki, mchana viazi vya kukaanga. Hawezi kukataa. Kukataa chakula cha mwenzio ni kutangaza vita.

Kuna tatizo dogo. Ukimkaribisha mtu lazima ule naye, la sivyo atadhani umetia sumu. Kwa hiyo nakula. Leo nimegundua tatizo la pili. Pipa huonja kipande kimoja, husifu sana, hushukuru sana, halafu kinachobaki hukifunga kwenye gazeti akampelekea mlinzi wa getini. Mlinzi kanenepa! Kanisimamisha asubuhi kunishukuru, mashavu yanang'aa.

Jioni Pipa kaniomba tutembee pamoja kurudi nyumbani, eti mazungumzo hufupisha njia. Nikamwambia goti linaniuma. Akanipa pole. Nilimwonea huruma kidogo, ikapita.

Tepu: mia moja na saba.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho ndiyo kesho. Mia moja na nane!

Wenzangu walipokwenda kula mchana, nilibaki. Mara ya kwanza kukosa chakula cha mchana tangu nioe, iandikwe. Suti ilikuwa imetundikwa ofisini kwa Bosi. Nikaishusha. Wembe, dakika tatu, mshono wa nyuma wa suruali ukafumuka. Nikatia kipande cha kijivu kutoka kwenye mabaki, pembetatu, upana sentimita kumi na nane kule juu. Koti litakificha, na koti nitaliacha wazi, ndio mtindo. Kushona kwenyewe kulikuwa safi hadi machozi yalinilenga. Nikaijaribu. Ikafunga! Mimi ni fundi jamani!

Mke wangu kauliza mbona natabasamu kama niliyeokota pochi. Nikamweleza yote. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui kisima kimeingiaje hapa. Nimesherehekea kwa sahani nne.

Jumamosi, 15 Machi

Nilianza mimi. Nikatoka nyuma ya pazia, suruali imefunga, koti wazi. Karakana nzima ikapiga makofi. Bosi akanizunguka, akasema haamini macho yake. Tayari nilikuwa naiona barabara.

Nikaivua, akaingia Pipa nyuma ya pazia na suti ile ile. Akatoka amekamata suruali kwa mikono miwili, uso umeduwaa, maana asubuhi alijipima akapata tisini na nane. Akanyoosha mkono kumsalimia Bosi. Suruali ikashuka mpaka kwenye viatu! Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu.

Kwa sababu Bosi alipiga kigelegele. Akasema tisini imemtosha Uzi, hongera yake, lakini huyu mwenzetu kaipita! Suti imemkimbia! Nikaomba tumpime kwa tepu. Bosi akajibu macho yake yana miaka thelathini kazini, tepu ya nini? Nilitaka kupiga ukelele kwamba suruali ile ni ya mia moja na nane. Ningesemaje nimejuaje?

Pipa ndiye fundi mkuu. Na mimi, kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi, nimekabidhiwa suruali niende nayo nyumbani niipunguze imkae, ila akiba ya kitambaa ibaki ndani ya mishono, ipanuliwe ikibidi. Nimeumia. Naandika hivi pua inanitoka kamasi.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya kazi tangu asubuhi. Kipande changu nimekitoa, suruali imerudi tisini kamili. Pipa ana tisini na nane! Aone kesho, siku ya ufunguzi, mbele ya watu! Na ile akiba ya kitambaa ndani ya mishono nimeikata yote nikaichoma jikoni, mtu asije akaipanua tena.

Saa tisa Bosi kaja mwenyewe nyumbani, koti la suti mkononi. Kasema Pipa kaenda kwake kumwomba kesho nifungue duka mimi. Eti ameuona uso wangu jana, na mimi nimetazama ukuta miaka mingi kuliko yeye. Tupokezane, wiki yangu, wiki yake. Nije saa mbili nikiwa nimeshavaa suti.

Nimelia. Pipa ni mtu na nusu, na mimi sikujua. Halafu nikaikumbuka suruali.

Imefika mapajani ikakwama. Mke wangu kavuta mbele, Mama kavuta nyuma, nimelala sakafuni kama gunia. Haikusogea. Mama akaamua nile kwanza, njaa mwana malegeza, hakuna akili inayofanya kazi ikiwa tumboni hamna kitu. Nikala.

Kwenye sahani ya pili, wazo! Barabarani wanaona mbele tu. Nitaipasua suruali nyuma, kuanzia kiunoni hadi magotini, niikaze kwa kamba, nikae nitulie. Hakuna atakayejua. Mlango wa kuingilia wateja uko nyuma ya kiti, lakini hilo nitalifikiria nikifika. Mama anauliza niongezewe. Nimemwambia kidogo tu.