Nyumba ya Mlimani kwa Nyumba ya Ufukweni

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimeona nyumba. Mungu wangu! Naandika nikiwa bado nimesimama, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Nilikwenda upande wa Igombe kupeleka ndoo na mabeseni kwa mteja. (Mimi Masalu ni muuzaji wa vyombo vya plastiki, soko la Mkuyuni. Naeleza kwa sababu daftari hili siku moja litakuwa kijitabu cha mbinu za kununua na kuuza nyumba. Wasomaji watataka kumjua mwandishi.) Wakati wa kurudi nikapita njia ya ufukweni. Nikaiona. Nyeupe, bati la bluu, hatua ishirini kutoka majini. Nimezihesabu kwa miguu yangu. Mbele ya baraza liko ziwa lote. Lote! Hakuna jirani, hakuna ukuta, ni maji mpaka macho yanachoka.

Mimi ni mtoto wa Kisesa. Nimekulia nyuma ya ng'ombe. Ziwa nililiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, nikamuuliza baba ni nani aliyelichimba. Mpaka leo nikiliona nalirudia swali hilo kimoyomoyo.

Na kuta zake! Fundi aliyepaka rangi ile anastahili nishani. Juu nyeupe, chini kahawia, na mpaka kati ya rangi hizo umenyooka kama umepigwa kwa rula, usawa wa goti langu, unazunguka nyumba nzima. Sebuleni uleule. Jikoni uleule. Hata milango haikuachwa. Ufundi wa namna hii mjini haupo.

Mwenyewe ni mzee Okech, Mjaluo wa Shirati, mjane, zamani aliuza nyavu. Nikampa shikamoo yake, akanipa kiti. Kitanda chake kimewekwa juu ya matofali, matatu kila mguu. Nikaelewa mara moja: anataka kuliona ziwa hata akiwa amelala. Anasema hataki fedha. Anataka kubadilishana, nyumba kwa nyumba, sharti moja tu: ya kwangu iwe mlimani. Na anataka jambo liishe Ijumaa.

Mlimani! Nyumba yangu imebanwa na majabali juu kabisa ya Mkuyuni. Ngazi mia na kumi na nne kutoka barabarani. Gari halifiki, pikipiki haifiki, hata mbuzi akifika hukaa kwanza akapumzika. Mzee wa watu hajui anachokifanya. Nilijiuma midomo nisicheke.

Mbinu ya kwanza: mnunuzi asionyeshe kwamba ameipenda nyumba. Mimi nilisema "mh" tu, basi. (Kweli, kabla ya hapo nilipiga ukelele na kushika kichwa. Lakini baadaye nilisema "mh".)

Paskazia sijamwambia. Mke wangu hapendi mambo ya ghafla. Nitamwambia tukishahamia.


Jumanne, 15 Julai

Mzee Okech anakuja kesho saa nne kuikagua nyumba yangu. Nimepiga deki. Nimening'iniza kalenda juu ya ufa wa sebuleni. Limebaki tatizo moja, nalo linaitwa Chenge.

Chenge ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na ana mashine ya kusaga. Ikiwaka, vikombe vinatembea mezani. Tumegombana kuhusu mashine hiyo kwa miaka minane, hivyo kumwomba aizime ni sawa na kumwomba aiwashe. Nimekaa, nimefikiri, nimepata njia. Nimemwendea na uso wa huzuni nikamwambia nimefiwa na mjomba Ngosha wa Geita, na kesho saa nne tutakuwa na maombi mafupi ya kifamilia. Saa moja tu ya ukimya.

Chenge akanishika bega. Akasema kwenye msiba hakuna ugomvi, mashine haitawaka kesho siku nzima. Macho yalimlenga machozi! Nimeduwaa. Kumbe ni rahisi hivi? Miaka minane nimeipoteza bure.


Jumatano, 16 Julai

Sikujua kwamba angewaambia watu.

Saa tatu na nusu asubuhi wamepanda ngazi zote mia na kumi na nne wakiwa na turubai, viti vya kukodi, mikeka na sufuria kubwa kuliko zote ninazouza. Chenge mbele na mzigo wa kuni begani. Wanawake wakatandika mikeka ukumbini. Kwaya ikaanza. Nikisema mjomba hajafa, nimekwisha. Nikakaa mkekani, nikainamisha kichwa.

Saa nne kamili mzee Okech akatokea. Akavua kofia. Hakuuliza kitu, akaketi na wazee, akanipa pole ya dhati mpaka nikaona haya. Kisha akaniomba kwa adabu nimwonyeshe uani.

Uani hakuna la kuonyesha. Kuna jabali. Urefu wake ni nyumba tatu zikipangwa juu kwa juu, na ukuta wangu wa nyuma umeliegemea. Nilikuwa na uongo wangu tayari, kwamba mwakani linavunjwa. Sikuupata mdomoni. Mzee alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, halafu shavu. Akauliza kama mvua kubwa ikinyesha linatikisika. Nikamwambia halijatikisika tangu kuumbwa. Akauliza maji huenda wapi. Nikamwambia yanakimbilia chini barabarani, hayasimami hata dakika moja. Akafumba macho. Mzee wa watu analia! Sijawahi kuona mtu akilitazama jiwe namna ile, kama mimi nilivyolitazama ziwa. Nikasogea na mimi nikalitazama vizuri. Nikaona jiwe.

Akasema ameridhika.

Ndipo Paskazia akarudi kutoka sokoni, akakuta msiba nyumbani kwake. Akauliza nani amefariki. Watu wote wakanigeukia. Sufuria inatokota, kwaya imenyamaza. Nikatoa simu mfukoni, nikaisikiliza, nikatangaza kwamba habari imeingia sasa hivi kutoka Geita: mjomba Ngosha amepata nafuu.

Wengine wakapiga vigelegele. Chenge akazitoa kuni zake chini ya sufuria moja moja, zikiwa zinawaka, akaenda nazo kwake. Saa sita mashine iliwaka, nayo imesaga mpaka jioni. Nina hakika haikuwa na mahindi ndani.


Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mama Ng'washi, kutaka muhuri. Amesema hapigi muhuri hewani. Mke lazima asaini. Jirani wa mpakani lazima ashuhudie. Akaongeza kwamba niwaulize majirani wa kule, nifike ofisi ya ardhi, na nyumba ya ufukweni isikaguliwe kiangazi peke yake. Nikamshukuru. Sikuyaandika kwenye mbinu kwa sababu ni marefu.

Chenge kwanza alinifungia mlango. Mabeseni matatu makubwa yakaufungua. Atashuhudia.

Paskazia ndiye kazi. Nilimwekea karatasi mezani nikamwambia ni fomu ya chuo cha mtoto wetu Hellen, asaini pale chini. Akavaa miwani. Akaisoma mpaka mwisho. Akairudia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu hiyo nyumba iko wapi.

Basi nikafunguka! Nikamweleza yote, maji, baraza, bati la bluu, nikamalizia na ule mpaka wa kahawia ulionyooka. Akauliza uko usawa wa wapi. Nikamwonyesha goti langu. Akauliza na ndani ya nyumba je. Nikamwambia ndani, nje, mpaka milangoni. Akavua miwani, akaikunja taratibu. Paskazia ni mzaliwa wa Nansio, baba yake alikuwa mvuvi. Nilidhani moyo wake umerudi kwao visiwani. Akasema atatoa jibu lake kesho saa nne mbele ya mwenyekiti. Akajitanda kitenge akatoka, kwamba anakwenda kuiona.

Amerudi jioni viatu vina tope. Ana kitu kizito kwenye mfuko. Nadhani ni zawadi ya nyumba mpya. Sikuuliza, nisimharibie furaha.


Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jabali. Suruali yangu nzuri imeharibika.

Asubuhi nilishuka kuwapokea wageni. Tukapanda pamoja: mzee Okech, mama Ng'washi na muhuri wake, Chenge, na mimi mbele kama bwana harusi. Ngazi ya mwisho nikainua macho.

Ukuta wangu wa mbele! Herufi nyekundu, kila moja ndefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko:

NYUMBA HII HAIUZWI WALA HAIBADILISHWI. MUULIZE MAMA HELLEN.

Na mama Hellen mwenyewe juu ya stuli, brashi mkononi, anaweka nukta ya mwisho. Mama Ng'washi alicheka mpaka akakalia ngazi. Chenge alisema mwandiko ni mzuri.

Paskazia akashuka. Akamwamkia mzee Okech kwa heshima zote, akamkaribisha kiti, akaagiza chai. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia nisimame wima. Nikasimama. Akachovya brashi akanipiga mstari mwekundu kwenye suruali, magotini, mguu wa kulia na wa kushoto. Akasema baba Hellen, ile si rangi. Ni ziwa. Lilifika hapo, likakaa humo ndani, likaondoka, na watu wa kule wamemwambia kwamba limekuja mara mbili.

Nilimtazama mzee Okech. Akaitazama chai yake. Akasema hakunidanganya, mimi sikumuuliza. Ni kweli. Sikumuuliza hata moja! Akasema mara ya kwanza aliamka akashusha miguu kitandani, akakanyaga maji. Sanduku la nguo za marehemu mkewe lilikuwa linaelea mlangoni, likatoka, hakuliona tena. Tangu hapo analala juu ya matofali na kila upepo ukivuma anaamka kupapasa sakafu. Aliposhika jiwe langu juzi, alisema, ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi alijisikia amefika nchi kavu.

Nimelifikiria ziwa lile likipita sebuleni bila kubisha hodi, likachora mpaka wake sawasawa bila rula. Jinsi gani kitu kikubwa hivyo kinaweza kuingia kimya hivyo?

Wageni walipokuwa wakinywa chai, Paskazia akaniita uani. Hapo hakucheka. Alisema nyumba hii tumeijenga miaka kumi na mmoja, na mchanga wake wote ulipandishwa kwa kichwa, ndoo kwa ndoo, nyingine akiwa na Hellen tumboni. Alisema kila ngazi anaijua siku yake. Alisema ningempa mtu vyote hivyo kwa sababu ya kupenda rangi, na kisha ningemwambia ni fomu ya chuo. Nililia. Naliandika kwa kuwa ni kweli.

Halafu, huyu mwanamke! Akarudi barazani akamwambia mzee Okech kwamba chumba cha nyuma, kile kinachoegemea jabali, mpangaji wake amehama mwezi uliopita. Kama anakitaka, aje. Mzee aliinuka, kikombe mkononi, akaenda kuligusa tena jiwe. Nimeishi na Paskazia miaka ishirini na mitatu na bado simmalizi, kama lile ziwa.

Chenge hajarudisha mabeseni.


Jumapili, 20 Julai

Mzee Okech amehamia. Nimembebea kitanda mwenyewe, ngazi mia na kumi na nne, ndiyo adhabu yangu. Nilipotaka kumtafutia matofali akanikataza. Kitanda kiko sakafuni. Leo amelala mpaka saa tatu asubuhi, na mashine ya Chenge inanguruma ukutani kwake. Amesema hakuisikia.

Nimemwapia Paskazia mbele ya mzee: sitagusa jambo la nyumba tena bila yeye, na ukuta wowote nitakaoutazama maishani nitaukagua kwanza kama una mstari. Amesema amesikia. Hakusema ameamini.


Jumamosi, 26 Julai

Mungu wangu! Naandika tena nikiwa nimesimama.

Leo nilikwenda kumchukulia mzee Okech nyavu zake za zamani kule ufukweni. Jirani yake, bwana mmoja anaitwa Antoni, mcheshi sana, ananiambia naye anahama. Nyumba yake ni nzuri kuliko ile! Ile ilikuwa hatua ishirini kutoka majini. Hii ni kumi na mbili! Ukikaa barazani huoni nchi kabisa, ni maji na mbingu tu, na ndege weupe wanatua karibu na miguu yako. Nilisimama pale nikasahau jina langu.

Lakini safari hii Masalu si yule wa zamani. Nimepata somo. Kabla ya kusema neno nilikagua kuta zote, nje na ndani, jikoni, hata nyuma ya milango. Nimepiga magoti. Mstari hakuna! Nyeupe tupu kutoka juu mpaka chini. Na nimeuliza, siyo kama zamani: nimemuuliza Antoni ana kwa ana kama maji huingia. Amesema hapana. Nikamwambia "mh".

Anakubali kubadilishana na kiwanja cha marehemu baba kule Kisesa. Pale saini ya mke haitakiwi. Inatakiwa ya dada yangu Sabina tu, na nasikia miwani yake imevunjika. Ijumaa tunamaliza.

Mbinu ya mwisho ya kijitabu: kagua ukuta kwa mkono, siyo kwa macho peke yake. Mimi nimeupapasa wote. Rangi ni mpya kabisa, mbichi, imenishika kiganja kizima. Nimenawa kwa mafuta ya taa kabla ya kupanda ngazi, Paskazia asije akaona.