Keki Mia Nne za Mama Mkwe

Jumanne, 4 Juni

…na ndiyo maana nimemwambia wifi aniachie mimi. Picha za harusi ni mia tatu. Mama mkwe alikuwa amelazwa siku ile, hajamwona mwanawe ndani ya suti. Wifi anataka kumtumia moja moja. Ati atamaliza baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Mimi nimefungua akaunti kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni. Unapanga kazi mara moja tu: picha ikiingia kwenye folda, mtambo unaipunguza, unaihifadhi, unamtumia mama kwenye simu. Wenyewe! Nimeahidi Ijumaa. Mume wangu kaniita profesa. Nimeyeyuka.

Jumatano, 5 Juni

Maelekezo yanasema nijaribu kwanza kwa simu yangu. Ya nini? Nimeweka namba ya mama. Tena niandae folda mbili, ya kuingizia na ya kutolea. Mbili! Mimi na mpenzi wangu tunatumia kabati moja na hatujagombana. Nimeweka moja. Picha ya jaribio: mume wangu anatafuna keki, macho kafumba. Mzuri hata hivyo! Alama ya kijani ikawaka. Nikaiacha ikiendelea, nikaenda kumpigia shati pasi.

Alhamisi, 6 Juni

Wifi kapiga simu asubuhi. Anauliza mama yake amenikosea nini. Keki imemfikia mara mia nne na kumi na mbili! Simu imejaa, imeganda, zahanati wamempigia bure tangu jana. Nikasema ni mtandao wa kwao. Mume wangu akachungulia, akanieleza taratibu kwamba picha iliyopunguzwa inarudi folda ileile, mtambo unaiona mpya, unaituma tena. Akazima. Sauti yake akieleza, jamani! Sikusikia nusu.

Ijumaa, 7 Juni

Wifi amechapisha picha tano dukani, kampelekea mama mkononi. Mama kaibusu ile ya suti, kalia. Nami nimelia. Lakini tano tu! Mimi nilifikisha mia nne! Mama kanipigia kwa simu ya wifi, kasema mwanawe keshashiba keki, nimpumzishe. Mkwe gani anasifiwa hivi? Sasa nimeandaa kazi ya pili, ya kufuta zilizozidi. Nimeiweka folda ileile, zizoeane. Kuiunga na simu yake kunanihitaji mwenyewe, kwa hiyo nimemwahidi: mama, mwezi huu hauishi kabla sijafika kwako na kompyuta yangu.