Alimantasio ya Mashine ya Kadi Nne

Mheshimiwa Mwakilishi wa yule aliyepaswa kumwakilisha mgeni rasmi. Waheshimiwa wakuu wa huduma, manaibu wao, na ninyi mnaokaimu kwa niaba ya manaibu walio safarini. Baba Mchungaji, uliyetufungisha ndoa na ambaye leo umeombwa kutubarikia mashine. Watata na wamama wa mtaa wetu wa Dilala, hapa Kolwezi, kila mmoja katika cheo na daraja lake. Viongozi wa waendesha pikipiki, mliozima injini zenu kwa heshima ya sherehe hii. Ndugu wachimbaji mliotoka upande wa Mutoshi na matope yangali miguuni. Na juu ya wote, itifaki ikiwa imezingatiwa na pengine kurukwa kidogo, mke wangu mpenzi Laurentine, aliyevaa kitenge sawasawa na shati langu, niliyemuoa wiki tatu na siku mbili zilizopita, na ambaye hata sasa nikimtazama nasahau nimefika ukurasa wa ngapi.

(Makofi kutoka safu ya kwanza. Laurentine anatazama viatu vyake.)

Mimi, Ntambwe Louis, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Mashine Inayoona Ardhi, ninasimama mbele yenu nikiwa na furaha mbili, moja ya kiutawala na nyingine ya nyumbani, na nitajitahidi kadiri ya uwezo wangu kuwaeleza ile ya kwanza. Mtakumbuka kwamba miezi minane iliyopita, baada ya ukuta wa shimo kuwafunika vijana watano, Kamati ilitangaza mkakati jumuishi na shirikishi wa kuunda kompyuta moja kubwa yenye kadi nne za grafiki, yaani vile vibao vinavyoipa kompyuta nguvu ya kusoma picha, ili kila Jumanne wachimbaji watutumie kwa simu picha za kuta za mashimo yao, na kila Ijumaa mashine iwajibu ukuta upi unataka kuanguka. Matokeo mnayajua. Tumepokea picha mia nne na kumi na mbili na tumetoa majibu mia nne na kumi na mbili, ambayo ni asilimia mia moja, na tukijumlisha majibu yaliyotumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao mbaya, tunafikia asilimia mia moja na tisa. Mashimo mawili yameanguka tangu wakati huo, na yote mawili yalianguka yakiwa matupu, kwa kuwa Ijumaa iliyotangulia mashine ilikuwa imesema watu watoke.

(Makofi ya kweli, kutoka nyuma. Mtu mmoja mrefu anainua mkono. Ni Gael, kiongozi wa kikosi cha wachimbaji arobaini.)

Ninaona mkono. Tafadhali, Tata Gael, kwa ufupi.

(Gael anasema: "Tata Président, sasa wiki tatu mashine haitujibu. Mvua imeanza, na shimo ya saba iko na mupasuko. Batu bangu beko na njaa. Kesho tunashuka ao hatushuke?")

Swali hili ni zuri sana, limeandaliwa vizuri, na jibu lake lipo ukurasa wa kumi na moja. Mimi niko ukurasa wa tatu. Kuhusu ukimya wa wiki tatu, Kamati inathibitisha kwamba mashine ilikuwa katika kipindi cha marekebisho ya ndani, kipindi ambacho, niseme kutoka moyoni, kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyopata kuishi.

(Wamama wanacheka. Baba Mchungaji anakohoa.)

Sasa niingie katika kiini. Watu wasio na elimu hudhani kwamba kuunda kompyuta kunaanza na kompyuta. Hapana. Kunaanza na alimantasio, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kiungo sehemu yake, kama mama wa nyumba anavyogawa bukari, ule ugali wetu, mezani. Na kama boksi ni dogo na walaji ni wengi, meza nzima inazimika. Kwa hiyo Kamati ilitumia miezi mitano ya kwanza kuchagua alimantasio, na kwa uwazi wote ninawaeleza utaratibu tuliofuata, ili nchi nyingine zije kujifunza kwetu.

Muuzaji mmoja wa mjini alituazima alimantasio tatu. Tulifanya kile ambacho mtu yeyote wa Kolwezi mwenye akili timamu angefanya: tulizipeleka depo, pale madini yanaponunuliwa. Tata Baudouin, mnunuzi wa madini mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne, aliziweka moja moja juu ya mizani yake, kisha akachukua kile kifaa chake kinachofanana na bastola, kile kile anachokielekeza kwenye mifuko yenu kupima kiwango cha shaba, akazipiga zote tatu mbele ya mashahidi. Ya kwanza ilikuwa ya wati mia sita na hamsini, na nyaya zake zilikuwa zimening'inia nje kama matumbo ya mbuzi. Ilionyesha shaba nyingi ajabu. Ya pili, ya wati elfu moja, ikawa ya katikati. Ya tatu, iliyoandikwa wati elfu mbili na mia mbili, ilionyesha chuma tu, shaba karibu hakuna. Kamati ikaamua kwa kauli moja, kwa kuinua mikono, kwamba ile ya tatu ni mchanga mtupu, na ile ya kwanza ndiyo madini.

(Wachimbaji wanatikisa vichwa kwa kukubali. Fundi mmoja wa simu anaziba uso kwa mikono.)

Ndipo alipoingia ofisini kwangu fundi wa kompyuta ambaye hatukumwalika. Alikuwa na bisibisi sikioni mahali wengine huweka kalamu. Hakuketi. Aliuliza nani amepima alimantasio bila kufungua mfuko wake, kwa maana nyaya za ile ya tatu ni za kuchomeka na kuchomoa, na zilikuwa zimebaki zimekunjwa ndani ya kimfuko cheusi chini ya meza yangu, nilipokuwa nimeegemeza mguu. Kisha akachukua kalamu yangu, akageuza nyuma ya muhtasari wetu uliokwisha kutiwa sahihi, akaandika: kadi moja wati mia tatu hamsini, mara nne, elfu moja na mia nne, ubongo wa kompyuta mia mbili hamsini, feni, diski na mengineyo mia moja hamsini, jumla elfu moja na mia nane. Akasema kadi hizi hazili kwa adabu, kuna dakika zinaruka ghafla na kutaka zaidi, basi mtu huacha nafasi juu, na hesabu ya chini kabisa ni elfu mbili na mia mbili. Akaniambia: "Tata, shaba haihesabiwe hapa. Hapa tunahesabu wati. Na ile soketi ya ukutani pia, ulishaiuliza kama itaweza?"

Waheshimiwa, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu soketi yangu kwa sauti ya namna ile. Alipofika elfu moja na mia nane, nilikuwa tayari nimependa. Alipofika elfu mbili na mia mbili, nilikuwa namuwaza baba yake, Tata Mukendi, ambaye leo ni mkwe wangu, na namna nitakavyomwendea na wazee wangu.

(Vigelegele. Gael anasimama tena na kusema neno baada ya neno, bila kupaza sauti: "Tata, furaha yenu tunaifurahia. Lakini mi niko na batu makumi ine. Sema tu: tunashuka?")

Nakuja huko, ndugu yangu, nakuja; ukurasa wa kumi na moja ninao mkononi. Kabla ya hapo, naomba tuseme pamoja, kwa nguvu, kauli za siku yetu. Nikisema Wati, mnajibu Zitoshe. Wati! (Wachache: Zitoshe.) Nikisema Mashine, mnajibu Iendelee kuona. Mashine! (Wengi, kwa ajili ya mashimo yao: Iendelee kuona.) Kamati! (Mtu mmoja anasema Amina.)

Sasa shukrani. Ninamshukuru muuzaji aliyetuazima alimantasio ya tatu, ambayo iko hapa chini ya kitambaa hiki, na ambayo tumeahidi kuirudisha dukani saa kumi. Ninazishukuru kadi nne za grafiki, ambazo ziko katika hatua ya nia. Ninaishukuru kompyuta yenyewe, ambayo Kamati haijawahi kuwa nayo hata siku moja, kwani tuliishia kwenye alimantasio. Na ninamshukuru mke wangu, binti wa mtu aliyepima kuta za mgodi miaka thelathini na kumfundisha binti huyo kusoma mipasuko kabla ya kusoma vitabu, ambaye kila wiki, tangu tukiwa wachumba, alipoona picha zenu zinafika na hakuna mashine ya kuzitazama, aliketi mezani na rula ya shule, akapima mpasuko mmoja mmoja kwenye kioo cha simu, akalinganisha na wa wiki iliyopita, akajibu. Mimi nilichangia muhuri wenye neno Mashine. Wiki tatu hizi hakujibu kwa sababu nilimpeleka Lubumbashi kwa fungate, na simu inayopokea picha zenu nikaifungia kabatini ofisini bila kumwambia. Kosa hilo ni langu, na halimo katika ukurasa wa kumi na moja, kwa kuwa ukurasa wa kumi na moja umeandikwa tu: Makofi.

(Hakuna makofi. Laurentine amekwisha kusimama. Anamwita Gael kwa mkono. Gael anapanda jukwaani na simu yake. Laurentine anatoa rula kwenye mkoba, anaiweka juu ya kioo, anarudi kwenye picha ya zamani, anakuja kwa ya leo asubuhi, anapima mara mbili. Anasema: "Gael, musishuke. Mbele ya ndoa yangu, wiki tatu nyuma, mupasuko ilikuwa bidole mbili. Leo iko ine. Kesho usikubalie mutu hata moja kukaribia pale." Gael anauliza juu ya shimo la tisa. Wachimbaji wengine wanaanza kupanda, kila mmoja na simu yake, hata jukwaa linalia.)

Waheshimiwa, ninawashukuru kwa kunisikiliza. Ninatamka kwamba mashine imezinduliwa rasmi. Naomba mtu amletee mke wangu kiti, na mniondolee alimantasio hiyo mezani, apate mahali pa kuweka mikono.