Kompyuta Iliyonizoea

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa kambini Kasulu.

Kazi yangu mnaijua: kuwatafuta ndugu waliopotezana vitani. Redio ya upepo inaleta majibu kutoka kambi za Kibondo, mimi nayaingiza kwenye kompyuta. Amepatikana, hajulikani, amefariki. Basi. Programu hii mpya inajifunza mazoea yako. Jibu unalolitumia sana inalipandisha juu, usihangaike kulitafuta.

Asubuhi akaja mgeni kutoka Dar kuuliza kama sisi watumiaji tunaipenda. Nikajitutumua! Juma zima jibu la juu lilikuwa "amepatikana", nami nikawa nalibonyeza bila kutazama kioo.

"Hata hutazami?"

"Imenizoea, kaka."

(Kichwani nilikuwa natafuta sentensi ya kufungulia riwaya yangu. Msanii huyo!)

Kumbe taarifa za vifo nilizoziingiza kabla mgeni hajaja zilikuwa zimefuatana asubuhi hiyo, na "amefariki" likapanda juu kimyakimya.

Saa sita nikatoka na majibu na kipaza sauti. Mama Revokatus, anayemsubiri mwanawe kila siku kwenye gogo la mbele ya ofisi, akasimama. Nikasoma kwa sauti ya majonzi, tena nikaipamba: "Revokatus... amefariki."

"Yoo! Mwana wanje! Mwanangu!"

Akavua kilemba, akaketi vumbini. Wenzake wakamzunguka wakiimba wimbo wa kanisani. Nami nikalia. (Nililia vizuri, mgeni ni shahidi.)

Wimbo haujaisha, lori la Kibondo likasimama. Akashuka kijana, godoro kichwani.

"Mama! Mnamlilia nani?"

Mwimbishaji akajibu kwa unyonge:

"Wewe."

Mama alimpapasa uso, mabega, mpaka vidole. Kisha akanijia. Nikafumba macho nikisubiri kofi.

"Mwanangu, mashine yako imekosaje?"

"Imezoea vifo, mama."

"Haya. Wewe usizoee."

Afadhali kofi!

Mgeni akakohoa. "Sasa, kama mtumiaji, unaionaje?"

"Inajifunza upesi," nikamwambia. "Mwalimu ndiye hovyo."

Naomba msicheke. Kina mama wote niliowasomea vifo leo wamerudi kwenye lile gogo. Wananitazama, wakisubiri niwaambie kwamba na kwao nilikosea.