Wito wa Kukimbia Takwimu

Jumatatu, 3 Machi

Matokeo ya Takwimu yamebandikwa. Tisa. Tisa kwa mia! Mara ya kwanza nilipata kumi na moja, kwa hiyo naelekea chini. Na kanuni ya chuo haina kona: anayefeli somo lilelile mara tatu anafungasha virago. Hakuna rufaa, hakuna huruma, hata kama chuo ni cha Kikristo na huruma tunahubiriwa kila asubuhi.

Mama hajui. Mama ameshashona gauni la mahafali yangu. Mahafali yenyewe bado miaka miwili! Ameshalivaa kanisani mara moja ili alizoee, anavyosema, na akina mama wenzake wakampigia vigelegele. Nikifukuzwa, sijui nitalitazamaje lile gauni.

Kosa si langu. Kosa ni la mwalimu wa Takwimu, ambaye chuo kizima tunamwita Wastani. Mtu mrefu, mpole, sauti yake haipandi wala haishuki. Akifika katikati ya kipindi mimi nimeshalala fofofo. Mtu atafaulu vipi akiwa usingizini?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Ninakaa chumba kimoja na mwenzangu ninayemwita Mlokole, anayesoma Shahada ya Theolojia. Leo nimemuuliza kijuujuu kama wao wana Takwimu. Hawana! Wana Agano la Kale, Agano Jipya, Historia ya Kanisa. Namba pekee wanazokutana nazo ni za sura na mistari. Muda wote huu wokovu wangu ulikuwa unakoroma kitanda cha pili.

Nahama Biashara. Chuo kinaruhusu kuhama shahada mara moja kila muhula, na mwisho ni Ijumaa. Sharti ni moja tu: uwe na wito. Unamweleza kwanza Mkuu wa Kitivo cha Theolojia, mama mchungaji mwenye miwani mizito, halafu unautolea ushuhuda kanisani mbele ya chuo kizima. Hiyo ndiyo desturi hapa, na hakuna anayeikwepa.

Wito sina. Lakini Mlokole anao, tena mzuri. Ameshanisimulia mara nyingi bila kuulizwa. Alikuwa anafua soksi, akasikia sauti ikimwita, akaziacha soksi kwenye povu. Nitauazima. Penye soksi nitaweka shati.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu wa Kitivo. Nimevaa uso wa unyenyekevu tangu mlangoni. Nikaeleza shati, beseni, sauti. Nikatia chumvi kidogo: maji ya beseni yalitulia tuli. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema ni ajabu, huu ni wito wa pili kutoka beseni hilohilo, chumba hichohicho.

Kisha akaniuliza kama jambo hili lina uhusiano wowote na matokeo yaliyobandikwa juzi. Nikajitia hamnazo. Matokeo? Matokeo gani tena? Mama mchungaji alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Halafu akanipokea! Akasema wapo waliowahi kumjia na sababu mbovu kuliko yangu, na leo wanaongoza makanisa. Sikuelewa alikuwa anamsema nani.

Mlokole amenuna. Anasema wito ulikuwa wake. Nikamwambia sauti yenyewe ilisikika chumbani, na chumba ni chetu sote. Amelifungia beseni kabatini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ushuhuda. Kanisa limejaa mpaka mlangoni. Nilisimama nikaanza na shati, na nilipofika kwenye sauti nikajifinya paja machozi yakatoka. Amina zikatoka kila upande! Hata mpishi wa bwaloni alikuwa anajifuta kwa aproni. Nikarudi kukaa kichwa juu.

Ndipo mtu mrefu akasimama benchi la nyuma. Wastani! Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilipanda. Alisema ana wito wa miaka mingi na amekuwa akiukimbia, akijificha ndani ya namba. Leo amekata shauri. Akasema yeye ndiye aliyesahihisha karatasi yangu. Kama Mungu amemtazama mtu wa tisa kwa mia na bado akamwita, yeye ni nani hata akatae?

Watu walicheka, wakalia, wakapiga makofi. Mkuu wa Kitivo akamkumbatia. Na mimi nilipiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vikawaka. Afadhali aende zake akahubiri mbali huko! Nimelala mchana wote kama mtu aliyestaafu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha! Wastani hajaenda mbali. Amehamia Kitivo cha Theolojia. Amekuja na somo jipya, Takwimu za Kanisa, na ni la lazima kwa wote. Wenzangu wapya wananitazama kama mtu aliyewaletea nzige.

Nilikimbia kwa Mkuu wa Kitivo. Nikamwambia mimi sasa ni mtu mpya katika kitivo kipya, na mtu mpya hufutiwa ya nyuma. Akanijibu kwa upole kwamba dhambi ndizo zinazofutwa, ila matokeo yanahama pamoja na mwanafunzi. Somo ni lilelile ila limebatizwa. Mtihani ni tarehe ishirini na nne. Nikifeli, hiyo ni mara ya tatu.

Mlokole naye hana mbele wala nyuma. Tangu shule ya msingi hajapatana na hesabu. Usiku huu amelitoa beseni kabatini akaniuliza kwa unyonge kama nimewahi kuelewa chochote Wastani alipokuwa akifundisha. Nikamwambia nilichoambulia kwake ni usingizi tu.

Jumanne, 11 Machi

Mbinu mpya. Kanuni inasema mwanafunzi aliye kwenye mfungo wa maombi anaweza kupewa ruhusa ya kukosa vipindi, na mwenye ruhusa hupangiwa mtihani baadaye. Baadaye ni neno tamu sana. Nikamwendea Wastani na sauti ya mtu dhaifu. Nikasema nafunga, sili mchana, mwili hauna nguvu za darasa.

Alinishika mikono yote miwili. Machozi yakamlengalenga! Akasema tangu ahamie kitivo hiki amekuwa akitafuta mwenzake wa kufunga naye. Tutafunga pamoja mpaka siku ya mtihani. Na kwa kuwa wote wawili hatutakula, ile saa ya chakula atanifundisha peke yangu. Nikatoka na mdomo mtupu.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba alichokipata Wastani cha kunifundishia kipo nyuma ya jiko la bwalo. Harufu ya maharage inaingia dirishani bila hodi. Wastani anachora duara ubaoni, mimi naona mkate. Na kulala haiwezekani! Tumbo linanguruma kila kope zikitaka kufunga.

Leo nilijipenyeza kwa mpishi. Akaninyima hata ukoko. Alisema mwalimu ameshamweleza habari za mfungo wetu, na yeye hawezi kubeba lawama ya kunikosesha baraka.

Nikarudi na hasira. Wastani akaniuliza swali, nikamjibu kwa maharage. Nikamwambia mpishi huyu anawajazia marafiki zake sahani na wengine anawadondoshea, kwa hiyo ukisema kila mtu anapata upawa mmoja na nusu unadanganya, kwa sababu sahani zinapishana mno. Aliruka, chaki ikamdondoka! Akasema hilo ndilo somo la wiki nzima, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulieleza vizuri hivyo. Nilimwomba anipe swali jingine, njaa tu hiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Mama amepiga simu. Kasikia habari za theolojia kanisani kwake. Alilia kwa furaha. Gauni amelifumua kola aipandishe juu, maana anaona mama wa mchungaji anapaswa kufunga shingo. Akauliza mwanangu, masomo yanakwenda? Nikasema yanakwenda, Mama.

Nimeogopa leo, tena si mzaha. Nikifeli, mwanamke yule atapoteza msomi na mchungaji siku moja. Nimefanya maswali yote ya Wastani mpaka la mwisho, nikayarudia, nikamfundisha na Mlokole mawili matatu. Mtu asijue.

Jumatatu, 24 Machi

Mtihani. Nililijua swali la kwanza. Nikalijua la pili! Nikahisi kuna mtego, nikageuza karatasi nione kama ni yangu. Wastani alikuwa anapita kati ya madawati, midomo inacheza, bila shaka anaomba. Nilipotoka tulifungua mfungo bwaloni. Mpishi alinijazia sahani ikawa mlima.

Alhamisi, 27 Machi

Sitini na mbili! Nimesimama mbele ya ubao wa matangazo mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Mlokole kapata hamsini na nane, amenikumbatia na kunisamehe wito wake. Nilimpigia Mama. Alipiga kigelegele hukohuko kazini, nikasikia watu wakimuuliza kuna nini. Nilijifungia bafuni nikalia kidogo, na sikujifinya popote.

Wastani ananiambia hayo ni matunda ya bidii. Mlokole naye anasema nimesoma sana. Masikini, watu wazuri lakini hawana jicho. Bidii gani? Mimi nilihama shahada, nikaazima wito, nikatunga mfungo. Ni ujanja mtupu ulionivusha! Bila huo ningekuwa nimeshafukuzwa.

Ijumaa, 28 Machi

Ratiba ya muhula ujao imetoka. Kiyunani! Kila siku, saa moja asubuhi! Mlokole amenionyesha herufi zake, na zimejikunja kama konokono. Wastani kwa furaha amesema atakisoma na mimi, tena tufunge.

Lakini nimefanya uchunguzi. Shahada ya Muziki wa Kanisa haina Takwimu, haina Kiyunani, na kuhama kunaruhusiwa tena muhula ukianza. Wanataka tu upige ala moja mbele ya walimu watatu. Jioni nimeingia kanisani nikakitazama kinanda kwa karibu. Vibao vyeupe na vibao vyeusi. Rangi mbili tu! Ugumu uko wapi?